Uhuru, malezi na "watu watasemaje": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu udhanaishi

Nafundisha fasihi, na kila mwaka tukifika kwenye riwaya za Kezilahabi, aliyeuleta udhanaishi kwenye riwaya ya Kiswahili, maswali huwa yale yale. Mengine huulizwa darasani kwa sauti, mengine huja baadaye kwa kunong'ona, mtu akiwa ameshika mlango. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Ukiwa na haraka, soma la 5, la 10 na la 17.

## Misingi

1. Udhanaishi ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni falsafa inayoanza na mtu mmoja aliye mbele ya jambo la kuamua, akiwa hana wa kumwamulia. Swali la ulimwengu uliumbwaje inawaachia wengine. Yenyewe inakuuliza wewe uliyepo: sasa utafanya nini na huku kuwapo kwako?

Chimbuko lake ni Ulaya. Søren Kierkegaard wa Copenhagen (1813–1855) ndiye anayehesabiwa kuwa babu wa wote. Mjerumani Martin Heidegger akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1927. Kisha Paris ya miaka ya 1940 ikaigeuza kuwa gumzo la mikahawani: tarehe 29 Oktoba 1945 mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara kuhusu udhanaishi na ukumbi ukafurika. Ukisoma kazi moja tu ya Sartre, soma mhadhara huo. Ni mfupi, na sehemu kubwa ya maswali ya hapa unayajibu.

2. "Kuwapo hutangulia asili" maana yake nini?

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Fundi kabla hajagusa ubao wala chuma alikwishajua anatengeneza nini na cha kazi gani. Kazi ya mbuzi ilikuwapo kichwani mwa fundi, ndipo mbuzi yenyewe ikafuata. Sartre alitumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kukiona?

Mtu, anasema Sartre, hakuja hivyo. Anatokea kwanza, anajikuta yupo, kisha anajifanya kuwa fulani kwa matendo yake. Hakuna aliyezaliwa mwoga. Mwoga ni mtu ambaye mpaka leo ametenda matendo ya woga, na kesho hajaiandika. Wengi huliona hili kama faraja mpaka wagundue kwamba linakata kuwili: shujaa naye kesho anaweza kukimbia.

3. Kwa nini wanasema "tumehukumiwa" kuwa huru? Uhuru si jambo jema?

Sisi tukisikia uhuru tunakumbuka bendera na tarehe, 9 Desemba 1961 kwa Tanganyika. Uhuru huo ulidaiwa, ukapatikana, na kila mwaka una sherehe yake. Huu wa Sartre hakuna aliyeudai. Umejikuta nao, na huwezi kuurudisha, kwa sababu hata kukataa kuchagua ni kuchagua.

Kierkegaard aliueleza vizuri zaidi mwaka 1844: wasiwasi ni kizunguzungu cha uhuru. Ukisimama ukingoni mwa shimo unaogopa kuteleza, lakini kuna woga mwingine chini ya huo, wa kujua kwamba hakuna kinachokuzuia usiruke isipokuwa wewe mwenyewe. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita na bado hajui aende wapi anakijua hicho kizunguzungu bila kufundishwa.

4. Albert Camus naye yumo?

Mwandishi huyo Mfaransa mwenyewe alikataa, mapema tu, mwaka 1945. Yeye alishughulika na upuuzi: mtu anadai maana, ulimwengu unakaa kimya. Vitabu vya shule humweka kundi moja na Sartre, na si kosa kubwa, mradi ujue kwamba mwaka 1952 waligombana hadharani wasipatane tena.

## Malezi

5. Nimelelewa hivi, nyumba hii, dini hii, umaskini huu. Huo uhuru nautoa wapi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wanaolijibu kwa mkato ("unaweza kuwa chochote unachotaka!") wanauza kitu kingine, si udhanaishi.

Wadhanaishi wanajua kwamba mtu ana yaliyomkuta. Hukuchagua mama, lugha ya kwanza, urefu, wala mwaka wa kuzaliwa. Waswahili wamesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Sartre hakuwa mjinga wa hilo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, akalelewa nyumbani kwa babu yake katikati ya makabati ya vitabu. Mwaka 1964 akachapisha kumbukumbu za utoto huo, akijichora bila huruma kama kitoto kilichoigiza werevu ili wakubwa wapige makofi. Mwaka huo huo aliikataa Tuzo ya Nobeli.

Anachokataa ni hatua moja tu: kutoka "haya yamenikuta" kwenda "kwa hiyo sina budi". Katikati kuna nafasi. Anatoa mfano wa jabali. Kwa anayetaka kulipanda, jabali ni kizuizi. Kwa mpita njia ni mandhari tu. Jiwe ni lile lile, na ugumu wake ni wa kweli, ila linakuwa kizuizi kwa sababu ya safari uliyoikusudia wewe.

Lakini usimsome Sartre wa kitabu chake kikubwa cha 1943 peke yake. Kijana huyo alikuwa na maneno makubwa. Katika mahojiano ya mwaka 1969 alisimulia alivyosoma tena maneno yake ya zamani kwamba mtu, hali yoyote iwayo, daima yuko huru kuchagua kuwa msaliti au la, akasema hawezi kuamini kwamba aliwahi kuliamini hilo. Uhuru aliobaki nao uzeeni ni mdogo kuliko ule wa kwanza, nami nauamini zaidi: ni ule mjongeo mdogo unaomfanya mtu aliyefinyangwa na jamii kila upande asirudishe vyote sawasawa na alivyopewa. Umelelewa kwa fimbo, ukawa mzazi, mkono umekwisha kuinuka. Kilichobaki hapo, hata kama ni robo sekunde, ndicho anachokizungumzia.

6. Nikisema "mimi ndivyo nilivyo", nimekosea wapi?

Wanaita kujihadaa. Mwongo wa kawaida anaujua ukweli na anamficha mwenzake; anayejihadaa anajificha mwenyewe, na anafanikiwa kiasi.

Mfano maarufu wa Sartre ni wa mhudumu wa mkahawa. Mwangalie vizuri: hatua zake ni za haraka kupita kiasi, anainama kwa mteja kwa shauku iliyozidi kidogo, sinia analibeba kama mtu anayetembea juu ya kamba, likitaka kuanguka analiokoa kwa kiganja. Anaigiza. Anaigiza kuwa mhudumu, kana kwamba yeye ni mhudumu jinsi kidau cha wino kilivyo kidau cha wino. Kuhudumu hakuna ubaya wowote. Kinachomhadaa ni kusahau kwamba kila alfajiri ni yeye anayeamka na kwenda, na angeweza kulala.

"Mimi nina hasira, nimerithi kwa babu" ni sinia hilo hilo. Unajigeuza kitu ili usiulizwe. Upande wa pili pia upo, na watu huusahau: anayesema "yaliyopita si mimi" baada ya kumtapeli mwenzake naye anajihadaa. Wewe si jiwe, lakini wala si upepo.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilisimulia jinsi baba alivyonichagulia masomo. Kisa hicho nimekiweka swali la 17, kwa sababu nilikuwa nakisimulia vibaya.

7. Wahenga wamesema mwacha asili ni mtumwa. Si wanapingana na haya yote?

Inategemea asili ni nini. Kama ni kitu kilichokwisha, kinachokuambia uolewe na nani na upige kura wapi, basi ndiyo, wanapingana. Lakini nionyeshe asili ambayo haikuchaguliwa na mtu. Kiswahili chenyewe kimechukua Kiarabu, Kireno, Kihindi, Kiingereza, na kila neno kuna mtu wa kwanza aliyeanza kulitamka na wenziwe wakamcheka. Bibi zetu wanaoshikilia mila wanazishikilia wao, kila siku, kwa mikono yao. Mila haijishiki yenyewe.

## Jamii

8. Na "watu watasemaje"?

Heidegger angeipenda lugha yetu. Sehemu nzima ya kitabu chake inahusu kiumbe ambaye Kijerumani kinamtaja kwa kineno kidogo kisicho na mwenyewe. Sisi tuna neno tayari: watu. *Watu wamesema. Watu hawapendi. Mbele za watu.* Ukiuliza ni watu gani, utaambiwa "ah, watu tu". Fulani hayumo, jirani hayumo, anayekuambia naye hayumo. Anasema Heidegger kwamba tunafurahi wanavyofurahi watu, tunahukumu vitabu wanavyohukumu watu, hata kujitenga na watu tunajitenga wanavyojitenga watu.

Hakusema kwamba unaweza kuhama. Wote tunaanzia humo, na mchana kutwa tumo. Kinachomtoa mtu kwa muda ni kukumbuka kwamba atakufa, na kwamba kifo chake hakuna wa kumfia. Kwenye maziko hilo huwa wazi kabisa, kisha chai ikiletwa tunarudi kwa watu.

9. "Jehanamu ni watu wengine." Kwa hiyo nikae peke yangu?

Hapana. Ni maneno ya mhusika katika tamthilia ya mwaka 1944: wafu watatu ndani ya chumba kimoja kisicho na kioo, kila mmoja anamtegemea mwenziwe amwambie yeye ni nani. Sartre alifafanua baadaye kwamba watu huwa jehanamu uhusiano ukishapotoka, pale unapomkabidhi mwingine kalamu ya kuandika habari zako.

10. Ili niishi kwa uhalisi ni lazima niwaasi wazazi?

Kwanza neno. Uhalisi hapa si ule uhalisia wa fasihi mnaoujibu kwenye mtihani. Ni hali ya mtu kuyabeba matendo yake kama yake.

Sasa jibu: si lazima, na kuasi mara nyingi ni utumwa wenye nguo nyingine. Kijana anayefanya kila baba asilolitaka bado anaongozwa na baba, ila amegeuza ramani juu chini. Nimewafundisha wengi wa aina hiyo.

Katika ule mhadhara wa 1945 Sartre anasimulia mwanafunzi wake wakati Wajerumani wameikalia Ufaransa. Kaka yake aliuawa na Wajerumani mwaka 1940, na baba yake alikuwa akielekea upande wa Wajerumani hao. Mama alikuwa amebaki na huyo mtoto mmoja tu wa kumshika mkono. Kijana afanye nini: aende Uingereza kupigana, au abaki na mama? Dini inasema mpende jirani. Jirani ni nani, mama au wapiganaji? Hisia zake zinasema nini? Lakini mapenzi kwa mama yatapimwa kwa kubaki, hayawezi kutumika kuamua kubaki. Akienda kwa mshauri, amemchagua mshauri wa namna gani, padri wa upande gani? Sartre alimjibu: uko huru, chagua, yaani buni.

Wasomaji wengi hukasirika hapa. Mwalimu gani huyu? Nami nilikasirika. Lakini angalia kitu kimoja: Sartre hakuhesabu kubaki na mama kuwa unyonge. Kijana akibaki kwa kuamua, amebaki kihalisi. Akienda vitani kwa kuwa wenzake wameenda, hajaenda popote.

11. Je, kwa mwanamke ni hivyo hivyo?

Simone de Beauvoir, mwanafalsafa na mwenzi wa Sartre, aliliona pengo hili kabla yake. Mwaka 1940 walibishana. Alimuuliza: mwanamke aliyefungiwa ndani ya nyumba ya wake wengi, uhuru wake ni upi? Sartre akasisitiza kwamba hata hayo maisha mtu anaweza kuyaishi kwa namna tofauti. Beauvoir hakuridhika, na kwenye kumbukumbu zake alisema yeye ndiye aliyekuwa na haki. Mwaka 1949 akatoa kitabu chenye sentensi inayojulikana kuliko zote: mtu hazaliwi mwanamke, anakuwa.

Wafaransa walishtuka. Kungwi wa pwani asingeshtuka. Mwari anawekwa ndani, anafundwa kukaa, kusema, kunyamaza, kumtazama mume. Kama uanamke ungekuja wenyewe, unyago ungekuwa wa nini? Tofauti ni kwamba kungwi anaona hiyo ndiyo kazi njema, Beauvoir anauliza nani ameandika mafunzo na yanamnufaisha nani.

12. Hii si falsafa ya Wazungu?

Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique (1925–1961), daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, aliichukua akaiuliza maswali ambayo Paris haikuwa nayo. Katika kitabu chake cha 1952 yumo ndani ya treni, mtoto wa Kizungu anamwonyesha kidole na kumwambia mama yake kwamba anamwogopa huyo mtu mweusi. Kwa dakika hiyo Fanon anapewa asili iliyotangulia kuwapo kwake, kama ile mbuzi ya swali la 2. Hata hivyo anamaliza kitabu akikataa kuwa mtumwa wa utumwa uliowadhalilisha wazee wake. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake akisema hivyo, namsikiliza kuliko profesa wa mkahawani.

## Pale panapouma

13. Ni lazima nimkane Mungu?

Sartre alimkana, na mwaka 1948 Vatikani iliviweka vitabu vyake kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Lakini Kierkegaard alikuwa Mkristo wa kufa na kupona, na Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mfaransa, alikuwa Mkatoliki. Kwa Kierkegaard imani ndiyo uchaguzi wa upweke kuliko wote: Ibrahimu akipanda mlimani na mwanawe hana mtu wa kumweleza.

Kwa Waislamu, mjadala wa kudra na hiari ulikuwapo karne nyingi kabla ya Paris, na maneno yote mawili yamo mdomoni mwetu. Angalia tunavyoyatumia. Kazi ikienda vizuri ni juhudi zangu. Ikiharibika, majaliwa.

14. Mfungwa naye yuko huru? Mtu asiye na mlo wa jioni?

Sartre aliwahi kuandika, mwaka 1944, kwamba Wafaransa hawakuwa huru kamwe kuliko walipokaliwa na Wajerumani: kila neno lilikuwa na gharama, kwa hiyo kila neno lilikuwa tendo. Ni sentensi nzuri, na ni hatari mdomoni mwa mtu aliyeshiba.

Beauvoir mwaka 1947 aliweka sawa. Wapo waliofungiwa kwenye hali ya utoto kiasi kwamba hawajawahi kuona kuwa mambo yangeweza kuwa mengine. Hao huwezi kuwalaumu kwa kujihadaa. Lawama inaanza pale mlango unapoonekana, na anayeuziba mlango ana hatia kubwa kuliko anayesita kupita.

15. Kama kila mtu anachagua, basi kila kitu ni ruksa?

Sartre anajibu kwamba ukichagua unaonyesha mtu awe nini, si wewe peke yako. Beauvoir anaongeza: huwezi kuutaka uhuru wako kwa dhati huku ukiishi kwa kuukanyaga wa mwenzio. Mimi naona majibu haya yana upungufu. Heidegger, yule yule wa swali la 8, alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1933. Alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu kujitoa kwa "watu". Uhalisi peke yake hauzai wema.

16. Mbona riwaya za udhanaishi za Kiswahili huishia vifoni?

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyeileta hali hii kwenye riwaya yetu. Katika *Rosa Mistika* (1971) binti analelewa na baba mkali, Zakaria, anayemfungia mbali na wavulana. Anapotoka nyumbani hana mazoezi yoyote ya kuchagua, na anateketea. Katika *Kichwamaji* (1974) msomi Kazimoto anaona upuuzi wa maisha na kujiua.

Wanafunzi huniuliza kama hilo ndilo fundisho. Sioni hivyo. Rosa hafi kwa sababu ya uhuru, anakufa kwa kuupata siku moja wote bila kuwahi kuushika hata kidogo. Na Camus, ambaye kitabu chake cha 1942 kinaanza na swali hilo hilo la kujiua, anajibu hapana: Sisifo, yule wa hadithi za Kiyunani aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, anashuka kulifuata jiwe lake, na tumwazie kuwa ana furaha. Kama swali hili kwako si la kitabuni, zungumza leo na mtu unayemwamini au mhudumu wa afya. Falsafa inaweza kungoja.

17. Nikichagua kile kile wazazi walichotaka, nitajuaje kama nimechagua mwenyewe?

Hakuna kipimo cha nje. Wengine hushauri: jiulize kama ungefanya hivyo wazazi wasingekuwapo. Swali zuri kwa mtu asiye na wazazi. Kwetu sisi wengine kuwapo kwao ni sehemu ya jambo lenyewe, na kumtunza mama hakupungui thamani kwa sababu mama anatazama.

Kisa nilichoahidi. Kidato cha nne, jioni, baba aliweka fomu ya tahasusi mezani, akavua miwani akaiweka juu yake isipeperushwe. "Jaza PCB, mwanangu, tukalale." Akanipa penseli, nisije nikaharibu fomu, wino ningeweka shuleni. Nikaandika herufi tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa penseli hafifu. Kidato cha tano sikumaliza wiki tatu kabla ya kuomba kuhamia HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na tangu hapo kisa changu kilikuwa kimoja: baba alinichagulia.

Miaka mingi baadaye nilikisimulia mbele yake. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na wino je? Nani aliweka wino?"

Niliweka mimi. Asubuhi yake, kwenye dawati langu la mstari wa nyuma, kifutio kikiwa mfukoni na baba akiwa shambani, nilipitisha kalamu polepole juu ya P, juu ya C, juu ya B, nikajitahidi nisitoke nje ya mistari.